Nani Aingie Kwanza

Sista Raheli alikuwa amekwisha kuvua kofia yake na kuikunja, tayari kwenda nyumbani kulala, alipoambiwa kuwa mwenzake wa zamu ya asubuhi ameshikwa na homa na hatakuja. Aliikunjua kofia, akaivaa, akanywa maji kikombe kizima akiwa amesimama, akarudi mlangoni.

Watu wa benchi walikuwa wamekwisha kufika. Hospitali ya Mkunguni ilikuwa ndogo, pembezoni mwa mji wa Mtwara, njia ya kwendea Mtawanya, na baraza yake ya mbele ilikuwa na mabenchi marefu ya mninga. Kila kukicha yalijaa: akina mama wenye watoto wa homa, wakulima waliojikata kwa panga, wazee wa kifua. Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini uchovu wake ndio kwanza ulikuwa unafika kusini. Dizeli ilipatikana kwa kuomba. Glovu zilichemshwa, zikaanikwa kambani, zikatiwa viraka, zikavaliwa tena. Dripu zilifungiwa kabatini, na ufunguo alikaa nao daktari mwenyewe.

Daktari huyo aliitwa Josephu, kijana mwenye sauti ya chini aliyezoea kula huku amesimama. Alikuwa amerudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam, na alirudi na jambo. Huko, alisema, madaktari walikuwa wakibishana juu ya benchi. Walikuwa wameanza kuwachunguza wagonjwa wanaofia mapokezi, na wakaona kuwa wengine hawakuuawa na ukosefu wa dawa. Waliuawa na zamu. Mtu amefika bado anaokoleka, akakaa nyuma ya wenye majipu na mafua, na zamu yake ilipoitwa hakuna aliyeitika.

"Nataka tujaribu na sisi hapa," aliwaambia wauguzi wake. "Msimu mmoja tu, tangu korosho zianze kuanguka mpaka mvua. Anayefika asipangwe kwa kutangulia, apangwe kwa hali yake. Mtu mmoja asimame mlangoni, amtazame kila anayekuja, ampime mapigo, amfunge kitambaa mkononi. Mwenye chekundu aingie papo hapo. Mwenye cha manjano asubiri kidogo. Mwenye cheupe asubiri hata mchana. Tukimaliza tutaona kama benchi limeua wachache kuliko mwaka jana."

"Na yule ambaye hata akiingia hatuwezi kumfanya kitu?" Raheli aliuliza.

Josephu alitazama sakafu. "Huyo hafungwi kitambaa. Analazwa baraza ya nyuma, apate mtu wa kukaa naye."

Mtu wa mlangoni akawa Raheli, kwa kuwa wengine wote walikuwa na sababu ya kukataa na yeye hakuwa nayo. Alikuwa mwenyeji wa Njombe. Kazi ya mumewe bandarini ndiyo iliyomleta Mtwara, mume akafariki, naye akabaki na hospitali. Vitambaa alivitengeneza Zuhura, mhudumu wa usafi, binti wa kijiji cha Mahurunga. Zuhura alichana mashuka makuukuu, akayachovya kwenye rangi ambazo wanawake wa kwao huchovyea ukindu wa mikeka, akayaanika uani. Wawili hao walipendana. Mchana walikula sahani moja, na Zuhura akirudi kutoka kwao hakukosa kumletea ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, imefungwa kwenye jani la mgomba.

Benchi halikuipenda kazi ile mpya. Asubuhi hiyo ya zamu iliyoungana na zamu, katibu wa tawi la chama alikuwa amekaa mwanzo kabisa wa benchi, kidole chake cha shahada kimevimba kama ndizi. Mama mmoja akaingia mbio na mtoto mgongoni, Raheli akamfungua mtoto, akamwona mbavu zinavyozama kila akivuta pumzi, akamfunga chekundu na kumpeleka ndani.

"Mimi nimefika hapa kabla ya jua," katibu alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Huyu mama jasho la njiani halijamkauka, naye anaingia. Ndio usawa tunaouhubiri huu?"

"Mtoto hapumui vizuri, Ndugu Katibu."

"Na mimi kidole kinanipiga mpaka kwapani!"

"Pole sana, mzee wangu. Kikipiga ujue kingali hai."

Watu wakacheka, na katibu mwenyewe akacheka kwa taabu, akashika kidole chake. Raheli hakucheka. Miguu ilimuuma tangu visigino mpaka magoti, na kila alipoinama kumpima mtu mapigo, tarakimu za saa yake zilicheza machoni.

Katikati ya asubuhi akaja kijana Omari na mama yake, kwa miguu. Kijana alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkorosho jana yake jioni, akipogoa. Alikuwa mrefu, mwenye haya, akajibu kila swali kwa tabasamu.

"Unaumwa wapi?"

"Bega tu, Sista. Hili la kushoto."

"Tumbo je?"

"Linavuta kidogo. Si sana."

Raheli alimtazama bega. Hakuona uvimbe wala jeraha. Alimshika mkono, mapigo yalikuwa yanakwenda mbio kidogo, lakini kijana alikuwa ametembea juani na nani mapigo yake hayaendi mbio? Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa analia kwa kuungua na uji, na mzee mmoja anatapika. Akamfunga Omari kitambaa cheupe, akamwonyesha mwisho wa benchi.

Omari alikaa. Hakulalamika. Alimpisha mama mjamzito nafasi yake na kujisogeza ukutani, na kila Raheli alipopita alimwona ameegemea, macho ameyafumba, akadhani amepitiwa na usingizi. Adhuhuri mama yake akamgusa amwambie kuwa anakwenda kununua maji. Kijana akateleza ukutani taratibu, akalala ubavu juu ya benchi, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu.

Josephu alitoka mbio. Walimbeba wakamweka mezani, dripu ikafunguliwa, lakini mshipa ulikuwa umesinyaa na roho ilikuwa imekwisha kuaga. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma.

"Wengu," Josephu alisema baadaye, akinawa mikono bila sabuni. "Malaria ya miaka yote imelivimbisha, akaanguka, likapasuka. Lilikuwa linamwagia damu tumboni tangu jana. Ndiyo maana bega lilimuuma. Damu ikifika juu, chini ya kifua, maumivu yanasikika begani."

"Aliniambia bega," Raheli alisema. "Mimi nikamwangalia bega."

"Kosa hili ni letu sote, Sista. Hata mimi ningeweza kulikosea. Na ndiyo maana ya utafiti. Tunajifunza nani anajificha."

Sauti ya mama wa Omari ilikuwa inatoka baraza ya mbele, haipandi wala haishuki, sauti moja tu.

"Nenda basi ukamwambie mama yake kuwa ni utafiti," Raheli alisema.

Josephu alikausha mikono kwenye koti, akaenda. Hakumwambia hivyo. Alikaa chini sakafuni karibu na yule mama, miguu yake mirefu imekunjwa, akamweleza kuwa mwanawe aliumia ndani na kwamba wao walichelewa kumwona. Mama alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja: "Angetangulia kuingia, angepona?" Josephu akasema, "Huenda." Mama akaitikia kwa kichwa, akajifunika kanga usoni.

Jioni ile Raheli aliviweka vitambaa vyote juu ya meza ya daktari.

"Mtafute mwingine," alisema. "Mimi nimechoka, na mtu aliyechoka hafai kuchagua."

"Sote tumechoka."

"Basi rudisha zamu. Zamu haina macho, lakini haimchagui mtu. Akifa, amekufa kwa bahati yake. Huyu nimemuua mimi kwa kitambaa."

"Mwaka jana, kwenye benchi lile lile, wamekufa watu ambao hakuna aliyewafunga chochote," Josephu alisema polepole. "Hukuwalilia kwa sababu hukuwachagua. Lakini walikufa vilevile."

Raheli alijua kuwa anasema kweli, na kweli ile haikumpunguzia kitu. Alikwenda nyumbani, akalala na viatu.

Siku zilizofuata alifanya kazi wodini. Mlangoni Josephu alisimama mwenyewe alipopata nafasi, na asipopata, zamu ilijirudia kama kawaida. Zuhura alimletea Raheli chakula, akaketi kula naye. Mara moja tu alimwambia, "Dada, mkono wako hauna sumu." Raheli akamshika goti, wakaendelea kula.

Kisha siku moja, jua limeanza kuinamia magharibi, lilisikika trekta. Lilikuwa trekta la kijiji, linakuja kwa nguvu zake zote na tela nyuma, na dereva wake alikuwa anapiga kelele kabla hajafika langoni. Lori lililotoka Mahurunga limebeba magunia ya korosho na watu juu ya magunia, kwa kuwa basi lilikuwa halina dizeli, limekatika breki kwenye mteremko. Limepinduka. Watu wameangukia chini ya magunia. Hawa wa telani ni wa kwanza tu, wengine wako bado kule.

Josephu alitoka nje, akalitazama tela, kisha akageuka. Raheli alikuwa amekwisha kusimama mlangoni pa wodi.

"Sista," alisema.

Raheli alinyoosha mkono. Josephu akampa vitambaa.

Walishushwa mmoja mmoja na kulazwa barazani juu ya mikeka. Vumbi la njia lilikuwa limewafanya wote rangi moja, na walivyolia ilikuwa vigumu kujua nani analia. Raheli alianza na wale wasiolia. Alijua sasa kuwa anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia. Mzee mmoja aliyevunjika mkono akimwapiza dereva wa lori: cha manjano. Mwanamke aliyechanika kichwani, damu imemtapakaa kifuani lakini anaongea vizuri na kuuliza kanga zake: cheupe. Mwanamume aliyekuwa anatoa povu la damu mdomoni, ubavu mmoja haupandi: chekundu, akaita wambebe.

Penye nguzo ya mwisho alikuta msichana ameketi peke yake, mikono imekumbatia magoti. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Sharifa. Mimi sijambo, Sista. Watazame wenzangu kwanza."

Maneno yale yalimpita Raheli mgongoni kama maji ya baridi. Alipiga magoti. Alimshika mkono: ulikuwa wa baridi na una jasho, na mapigo yalikuwa membamba, yanakimbia. Akamvuta kope la chini la jicho, ndani mlikuwa mweupe. Alipomgusa tumbo, msichana alijikaza.

"Gunia liliniangukia, lakini walikwisha kulitoa," Sharifa alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Raheli alimfunga chekundu, fundo mara mbili. "Dakta!" aliita. "Huyu ni tumbo! Huyu ndiye wa kwanza, kabla ya wote!"

Tela la pili lilikuwa linaingia. Zuhura alikuwa amekimbilia kwenda kulipokea, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mtu aliyelazwa juu ya mlango wa lori uliong'olewa. Akapiga ukelele, kisha akaanza kusema Kimakonde haraka haraka, akimpangusa yule mtu uso kwa ncha ya kanga yake.

Alikuwa Mzee Saidi, mjomba wake, kaka wa mama yake. Raheli alimfahamu. Wazazi wa Zuhura walikufa mapema, na mjomba huyu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza, na ndoa ilipovunjika akamfungulia tena mlango. Alipokuja mjini alifika mpaka hospitali kumsalimia mpwa wake, akamwambia na Raheli "Karibuni Mahurunga, mpunga umeiva," kila mara, hata kama mpunga haukuwa umeiva.

Raheli alipiga magoti karibu yake. Mzee alikuwa anakoroma, pumzi zinakuja kwa vipindi, zinakatika, zinakuja. Sikio moja lilikuwa linatoa maji yaliyochanganyika na damu. Alimfumbua macho, akammulika kwa tochi. Mboni moja ilikuwa imepanuka, imejaa jicho zima, wala mwanga haukuitikisa. Alimfinya kidole kwa nguvu. Hakikujivuta.

Fuvu lilikuwa limevunjika na damu ilikuwa inaubana ubongo. Kama angekuwa penye mabingwa wa kufungua vichwa, na damu, na umeme usiokatika, pengine. Hapa palikuwa na daktari mmoja, meza moja, na msichana aliyekuwa anavuja ndani.

"Sista, huyu ni mjomba wangu," Zuhura alisema.

"Najua, mdogo wangu."

"Hujamfunga."

Raheli aliirudisha tochi mfukoni.

"Hujamfunga chekundu. Sista, mtazame, bado anapumua. Anapumua!"

"Zuhura, mkono wa daktari ni mmoja."

Sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya mtu mwingine aliyesimama mbali. Alitaka kusema zaidi lakini kulikuwa na watu telani bado, na mmoja alikuwa anaita maji. Akainuka, akaenda.

Aliporudi, mkononi mwa Mzee Saidi palikuwa na kitambaa chekundu. Zuhura alikuwa amekichukua kwenye kapu na kukifunga mwenyewe. Wabebaji wawili walikuwa wamekwisha kushika ncha za ule mlango wa lori, wanataka kumwinua wampeleke ndani, kwa kuwa waliambiwa wenye vyekundu waingie. Nyuma yao Sharifa alikuwa bado amelazwa kizingitini akisubiri meza ipanguswe, na macho yake yalikuwa yameanza kufumba.

"Mwekeni chini," Raheli alisema.

Wabebaji wakamtazama, wakamtazama Zuhura.

"Mwekeni chini. Mchukueni yule msichana."

Wakamweka. Raheli aliinama, akaushika mkono wa mzee. Ulikuwa mkono wa mkulima, mzito, kucha zimeingia utomvu wa korosho. Fundo lilikuwa limekazwa sana, ikambidi alifungue kwa meno. Zuhura hakumzuia. Alisimama akitazama, mikono yake imening'inia.

"Angekuwa mjomba wako," alisema, na hakumaliza.

"Kaa naye," Raheli alisema. "Usiguse kazi nyingine yoyote leo. Usipige deki, usichote maji. Kaa naye tu. Anaweza kuwa anasikia."

Walimpeleka Mzee Saidi baraza ya nyuma, penye kivuli. Zuhura akampakata kichwa.

Ndani, umeme ulikatika kabla Josephu hajamaliza kunawa. Dizeli iliyokuwamo kwenye jenereta haikutosha kuliwasha na kuliendesha, kwa hiyo meza ilisogezwa dirishani na mtu akashika tochi. Alipofungua tumbo la Sharifa, damu ilifurika. Hapakuwa na damu ya kumwongezea. Dereva wa trekta alijitolea, na wakati anachomwa sindano Josephu alifanya alichokuwa amekiona huko mafunzoni: aliichota damu ya msichana mwenyewe kwa bakuli lililochemshwa, Raheli akaichuja kwa shashi tabaka nyingi, wakamrudishia mshipani. Hawakusemezana ila maneno ya lazima. Jua lilishuka dirishani, likawa jekundu juu ya vyombo, na bado mapigo yalikuwepo. Wengu lilitolewa. Mshipa ulifungwa. Josephu alipoinua uso, jasho lilikuwa limemlowesha koti.

"Anarudi," alisema. "Sista, anarudi."

Raheli aliitikia kwa kichwa. Alisikia adhana ya magharibi kutoka mtaani, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Zuhura alikuwa ameinamia sikio la mjomba wake lililo zima, anamlakinia shahada, neno kwa neno, taratibu kama anayemfundisha mtoto. Mzee hakuwa anakoroma tena. Raheli alisimama penye mlango, hakusogea. Zuhura alimaliza shahada, akaanza tena tangu mwanzo, akamaliza, akanyamaza. Kisha akamfumba macho kwa kiganja, akamfunga taya kwa kitambaa cha kichwa chake.

Wote waliokuwa wamefungwa vyekundu siku ile walipona, isipokuwa yule mwenye povu la damu, aliyefariki alfajiri. Wenye vya manjano walifungwa gango na kushonwa. Watu wa benchi waliosubiri tangu asubuhi walirudi makwao bila kutibiwa, na safari hii hakuna aliyenung'unika. Katibu wa tawi mwenyewe, kidole kimefungwa bendeji, alichota maji kisimani mpaka usiku.

Mzee Saidi alizikwa kwao. Zuhura alikwenda na jeneza na hakurudi mpaka matanga yakaanuliwa.

Siku ya hitima, Raheli aliomba ruhusa, akapata nafasi kwenye lori la ushirika, akaenda Mahurunga. Njia nzima alisinzia na kugutuka. Alifika amejifunga kanga na mtandio, akawakuta wanawake wameketi majamvini nyuma ya nyumba, na ndugu wengine waliovuka Ruvuma kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Alisema pole kwa kila mmoja. Zuhura alimpokea mkono kama alivyompokea mtu mwingine yeyote, akarudi kuchambua mchele.

Mwanamke mmoja mzee, mjane wa marehemu, alimtazama Raheli kwa muda.

"Ndiye wewe uliyekuwa mlangoni?"

Ungo wa Zuhura ulisimama.

"Ndiye mimi, mama."

"Sharifa ni mtoto wa nyumba ile pale," mjane alisema, akionyesha kwa kidevu paa la makuti upande wa pili wa njia. "Mama yake amekuja hapa kulia na mimi, akashindwa kulia. Nilimwambia rudi kwako, mwanao yu hai, usije ukamkosesha heri. Na wewe kula wali. Umekonda."

Raheli alikula. Wali ulikuwa mtamu, akauteremsha kwa maji.

Jioni, lori linapakia, Zuhura alimsindikiza mpaka barabarani. Walitembea bega kwa bega, wakapita mashamba ya mihogo, mpaka walipouona moshi wa lori.

"Nimeuliza watu," Zuhura alisema. "Nimemuuliza Dakta pia, kabla sijaondoka. Amesema hata angeingia yeye kwanza, angekufa mezani, na Sharifa angekufa mlangoni. Nimemwelewa."

"Zuhura..."

"Nimeelewa, dada. Lakini ulikifungua kwa meno. Kila nikifumba macho naona hilo. Usiniulize kama nimekusamehe, maana sijui. Akili imekubali, moyo bado uko barazani."

"Sitakuuliza."

"Nikirudi naomba nipelekwe wodi ya wazazi. Mlangoni siwezi tena."

"Utapelekwa. Nitasema nao mimi."

Zuhura akaitikia. Alimshika Raheli mkono, akaushika muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji, kisha akauachia na kugeuka.

Mvua zilipoanza, Josephu alimwita Raheli kibarazani na kumpa kiti, jambo lisilo la kawaida. Msimu ulikuwa umekwisha. Waliokufa wakisubiri, alisema, walikuwa wachache sana kuliko mwaka uliotangulia. Angetaka kwenda kuwaeleza wenzake Dar es Salaam. Alisema hivyo bila furaha kubwa, macho yake yamezungukwa na weusi.

"Na Omari utawaeleza?" Raheli aliuliza.

"Omari ndiye nitakayeanza naye."

Raheli aliketi akiisikiliza mvua juu ya mabati. "Basi nikuambie ninachotaka, kama unataka niendelee kusimama pale," alisema. "Kwanza, asimame mtu ambaye hajakesha. Kama hayupo, afadhali zamu. Pili, tuwe wawili, mmoja akikosea mwenzake aone. Na tatu, kitambaa cheupe kisiwe amri. Aliyefungwa cheupe arudiwe, ashikwe mkono tena na tena, kila tunapopita. Mtu hubadilika huku ameketi."

"Watu hatuna, Sista. Wawili nitawatoa wapi?"

"Sijui. Wewe ndiye daktari."

Josephu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Kesho nitakwenda ofisi ya mkoa kuomba mtu," alisema. "Wataninyima. Keshokutwa nitakwenda tena."

"Haya," Raheli alisema.

Aliinuka, akanyoosha mgongo. Kwenye wodi ya wazazi, mlango wa pili, Zuhura alikuwa anafua mashuka na mwanamke mmoja aliyejifungua alikuwa anamsimulia jambo lililomfanya atabasamu. Raheli aliwapita polepole, akasema, "Hamjambo?" Zuhura akainua uso. "Hatujambo, Sista," alijibu. Hakusema dada. Raheli akajitanda kanga yake kichwani, akashika njia ya nyumbani katikati ya mvua.